Nywele Zilizosimama Mafinga

Sweta lilipovuka masikio, nywele zikatatarika kama chumvi iliyotupwa motoni, na lilipotoka kabisa zikabaki zimesimama. Ng'washi alijitazama kwenye kioo kidogo cha chumba cha gesti akashika mdomo. Nywele zile ndefu, zilizolala vizuri wiki nzima kule Ubaruku, sasa zilielekea kila upande. Nyingine zilimganda shavuni. Nyingine ziliufuata mkono wake kila alipousogeza. Alizibonyeza zikalala, akaondoa mkono zikapanda tena.

"Mayu, tayari?" Shadrack aliita kutoka nje ya mlango. Mwanawe huyo wa kwanza bado alimwita mama kwa Kisukuma, hata mbele za watu, na jambo hilo lilimfurahisha Ng'washi siku zote.

"Ingia uone."

Shadrack aliingia na suti yake ya kijivu, akaona, akaanza kucheka, kisha akaacha. "Umezifanya nini?"

"Sijazifanya kitu. Nimevua sweta tu."

"Ni hili baridi la huku. Mafinga mwezi wa saba kila kitu kinapiga shoti, hata kitasa cha mlango." Alilowesha viganja kwa maji ya chupa, akazipigapiga nywele kichwani kwa mama yake kama mtu anayekandika ukuta. Zilitulia kidogo. Alipokuwa anajifuta mikono, mmoja ukanyanyuka, ukafuatiwa na wenzake.

"Nijifunge kitambaa, Shadrack. Mimi nimezoea kitambaa."

"Hilo tulishalizungumza. Hawa wakwe kilemba wanakuvua wenyewe. Mama yake Violet atakupaka mafuta kichwani, ndugu zake wote wanaangalia. Unataka wakione kichwa kilivyo?"

Ng'washi hakutaka. Homa ya matumbo ya mwaka jana iliondoka na nywele zake, na zilizorudi zilirudi kwa mafungu, kama mpunga uliopandwa na mlevi. Ndiyo maana Shadrack alipotoa wazo la nywele za kununua, alikubali haraka. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa kwake mwenyewe, jike jekundu lenye baka jeupe tumboni na sikio la kushoto lililochanwa na waya, alilopewa siku binti yake Kashindye alipoolewa. Shadrack alimfunga kamba akamswaga kwenda mnadani, kisha akapanda gari kwenda Mbeya mjini, akarudi na boksi lenye kifuniko cha kuonyesha ndani.

"Nywele za mtu kabisa, mayu," alimwambia siku ile. "Hizi ndiyo ng'ombe mzima."

Ng'washi hakujua bei ya nywele. Alijua thamani ya ng'ombe, na aliona kwamba kama mtoto ameondoka na ng'ombe akarudi na kitu cha kushikika kwa mkono mmoja, basi kitu hicho lazima kiwe kizuri sana. Alijifariji kwamba majaruba ya mpunga ya kando ya mfereji bado yapo. Hayo Paulo, mwanawe wa mwisho, aliachiwa na baba yake, lakini Paulo alikuwa fundi wa magari Iyunga na hakuwa na haja ya kulima. "Lima wewe, mama," alikuwa akimwambia. "Hilo ndilo tumbo lako." Na kweli alikuwa akilima humo na kula humo.

"Twende saluni," Shadrack alisema. "Kuna moja pale nyuma ya mbao."

Nje, Paulo alikuwa amesimama kando ya gari akifuta viatu vyake kwa karatasi. Leo ndiyo siku ya kupeleka mahari yake kwa wazazi wa Violet. Alimfungulia mama yake mlango bila kumtazama usoni, na Ng'washi akadhani ni ile hofu ya mwoaji. Alimgusa bega akipanda, sweta amelivaa tena kwa ajili ya baridi. Shoti ikawapiga wote wawili.

*

Saluni ilikuwa chumba cha mabanzi nyuma ya kiwanda cha kupasua mbao. Msusi alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, jina lake Mama Edmund.

"Kamwene, mama. Karibu kiti. Wewe ndiye mama yake Paulo? Violet ni jirani yangu huyo, nimemsuka tangu yuko darasa la tatu. Leo mchana na mimi nitakuwepo." Alimgeukia Shadrack. "Kaka, tuachie mama. Mwanaume akisimama mlangoni hapa wateja wanaona haya."

Shadrack akaenda kusubiri garini.

Kutoka kiwanda hadi saluni ni hatua chache, na katika hatua hizo unga wa mbao ulikuwa umerukia nywele za Ng'washi ukang'ang'ania, njano juu ya nyeusi. Mama Edmund hakucheka. Aliupuliza kwanza kwa mdomo, taratibu, kama anayepuliza jicho la mtoto.

"Sweta lako la nailoni hilo?"

"La mtumba. Sijui la nini."

"La nailoni. Halafu viti vya gari vimevalishwa manyoya. Chanuo lako liko wapi?"

Ng'washi alitoa chanuo la plastiki kwenye mkoba. Mama Edmund alilipokea kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota chura, akaliweka mbali. "Hili ndilo linazichokoza. Usilipitishe tena." Alichukua chanuo la mti, la meno mapana, alilochongewa na mume wake kwa vipande vya mbao vilivyobaki. Kisha akamimina maji kwenye bakuli, akadondoshea glisirini, akalowesha kitambaa cha pamba na kukikamua mpaka kikabaki na unyevu tu. Akaanza kufuta nywele kutoka utosini kwenda chini, polepole, kila anapopita na kitambaa chanuo linafuata.

"Usizibonyeze," alisema. "Ukizibonyeza zinakasirika. Zinyweshe kidogo, zitalala zenyewe."

Zililala kweli. Ng'washi alizitazama kwenye kioo akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

"Sasa nipitishie na pasi, zinyooke moja kwa moja. Mwanangu alisema zinakubali moto. Ni nywele za mtu."

Mkono wa Mama Edmund ulisimama.

"Pasi siyo lazima, mama. Zimependeza hivi hivi."

"Zitasimama tena mbele za wakwe. Pasi si hiyo hapo? Taa yake inawaka."

"Imepata moto mno."

"Basi ipoe. Mimi nasubiri."

Mama Edmund alikizungusha kiti kidogo, Ng'washi akawa ameelekea dirishani badala ya kioo. Akamfunika mabega kwa khanga, akairekebisha, akairekebisha tena.

"Nani alikununulia?"

"Mwanangu. Huyo uliyemfukuza mlangoni."

"Amekuchagulia rangi nzuri," alisema Mama Edmund. "Inaendana na uso wako kweli."

Nje msumeno ulilia ukanyamaza.

"Mama Edmund, kule kwetu nimeuza mpunga mashineni miaka mingi. Mnunuzi akianza kusifia gunia, hasemi kitu juu ya mchele, mimi najua ameona kitu ndani. Niambie."

Msusi alifunga mlango kwa komeo na kuvuta pazia. Aling'oa unywele mmoja kwa ndani ya zile nywele, mahali ambapo haungeonekana umepungua, kisha akang'oa mmoja wa kichwani kwake mwenyewe. Akawasha kiberiti. Wake uliungua ukawa majivu, ukatoa harufu ambayo Ng'washi aliijua tangu utoto, ya nywele zilizoshika moto jikoni. Ule mwingine ulijikunja, ukarudi nyuma kama funza, ukabaki punje nyeusi ngumu yenye harufu ya ndoo iliyoungua.

"Wa mtu unakuwa majivu," alisema Mama Edmund. "Hili ni wigi la plastiki, mama. Ningepitisha pasi lingeyeyukia kichwani kwako. Na ndiyo maana linasimama. Plastiki na sweta na hili baridi kavu havikai pamoja."

"Ubaruku halikusimama hata siku moja."

"Ubaruku kuna joto, na maji ya mpunga kila mahali. Hewa yenyewe ina majimaji. Lilikuwa linalala tu."

Ng'washi aliisokota ile punje kati ya vidole. Kitu cha kwanza kilichompata hakikuwa hasira. Alimwona Shadrack mjini Mbeya, mbele ya kaunta ya vioo, mtu wa majaruba na ng'ombe, akitoa pesa zote za mnada kwa muuzaji mwenye maneno mengi. Moyo ukamuuma kwa ajili yake.

"Maskini mwanangu," alisema. "Wamemtapeli."

Mama Edmund alitazama sakafu. Mawigi ya namna ile yalining'inizwa kwenye misumari sokoni, hapo hapo Mafinga, na hata mwanafunzi angeweza kujinunulia. Alilijua hilo kama alivyojua jina lake.

"Inawezekana, mama," alisema. "Mjini watu wa hivyo wapo."

"Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani? Mimi nimemchana mama mkwe wa Violet, akapendeza, akaenda." Alimletea chai ya tangawizi, akakaa naye mpaka alipoimaliza. Alipokuwa anaondoka alimwachia ile khanga ya pamba avae mabegani badala ya sweta, nywele zisipate cha kusugua.

Garini Shadrack aligeuka akamtazama. "Umeona sasa? Nywele nzuri hizo, mayu."

"Nzuri," alisema Ng'washi. Alikuwa ameshaamua. Hatamvunja moyo mtoto siku ya furaha. Atamwambia wakirudi nyumbani, taratibu, na atamwambia haidhuru.

*

Sebule ya Mzee Sosthenes, baba yake Violet, ilijaa mpaka kwenye korido. Wanaume walikaa upande wa dirisha, wanawake upande wa mlango wa jikoni, na Ng'washi akapewa kiti cha peke yake katikati ya wanawake, kimetandikwa blanketi zito la manyoya ili mgeni asipate baridi. Lilikuwa blanketi bora kuliko yote katika nyumba ile. Kila alipojisogeza alisikia mlio mdogo nyuma ya shingo. Mtoto mmoja wa kike alimkodolea macho.

"Bibi, nywele zako zinaruka."

"Nyamaza wewe," mama yake akamfinya. Mama Edmund, aliyekaa safu ya nyuma, alipeleka mkono kama anayetoa uchafu begani kwa mgeni, akazishusha.

Mshenga alikuwa Gwakisa, fundi mwenzake Paulo kutoka Iyunga, kijana wa maneno. Alisimama na simu mkononi.

"Wazee wangu, ng'ombe wako Ubaruku na vibali vya kuwasafirisha vinashughulikiwa. Hatukuja na maneno matupu, tumekuja na picha. Simu itapita, kila mtu aone kwa macho yake."

Simu ikaanza kupita mkono kwa mkono, Gwakisa akieleza. Hawa wa ukoo. Huyu wa baba mdogo.

"Na huyu mwekundu, ana mimba huyu, ametolewa na kaka yake mkubwa, Shadrack, kutoka kwenye zizi lake mwenyewe, kwa mapenzi ya mdogo wake."

Vigelegele vikapigwa. Mzee Sosthenes alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Kaka wa hivyo ni baba," alisema.

Shadrack alisimama nusu, mkono kifuani. "Tunasaidiana, mzee. Na mdogo wangu naye si mtu wa kusahau. Ameniachia majaruba yake ya kando ya mfereji. Tumeshaandikishana kwa mwenyekiti wa kijiji."

Wanaume wakasema hayo ndiyo mambo ya ndugu.

Simu ilimfikia Ng'washi wakati huo. Aliishika kwa mikono miwili. Ng'ombe alikuwa amesimama kwenye boma la Shadrack, anakula pumba za mpunga, tumbo limeanza kujaa. Baka jeupe lilikuwa pale pale. Sikio la kushoto lilikuwa na ule mpasuko wa waya. Hakuna aliyempeleka mnadani. Hakuna aliyesimama mbele ya kaunta ya vioo. Hakuna mtu aliyemtapeli mwanawe.

Alikaa na simu mpaka mwanamke wa pembeni alipomgusa kiwiko. Kisha akamtafuta Paulo kwa macho. Paulo alikuwa anatazama viatu vyake, na Ng'washi akaona kijana anayeibiwa shamba mchana kweupe bila kujua. Ng'ombe wa mama, amelipwa kwa shamba analokula mama, na mtoto anashukuru.

"Sasa mama yetu," alisema Mzee Sosthenes. "Kwetu mama wa mwoaji hapakwi mafuta kabla hajasema kama ameridhika. Una neno?"

"Hana neno, mzee," Shadrack akawahi. "Safari imemchosha."

"Ninalo," alisema Ng'washi.

Alisimama. Nywele zilisimama naye, zimevutwa na blanketi, na watu wawili watatu wakaziba midomo.

"Mimi sijui kusema mbele za watu, mtanisamehe. Huyo ng'ombe mwekundu ni wangu. Nilipewa binti yangu alipoolewa. Shadrack alimchukua kwangu, akaniambia amemuuza ili aninunulie nywele za kuja nazo hapa, nisiwaaibishe. Nywele zenyewe ndizo hizi. Ni plastiki."

Sufuria ilisikika ikichemka jikoni.

"Mayu, unaumwa?" Shadrack alisema kwa sauti ya upole, ya kusikiwa na wote. "Kaa. Haya tutayazungumza nyumbani."

"Nyumbani tulizungumza. Ndiyo tukafika hapa."

Alimgeukia Mzee Sosthenes.

"Simrudishi ng'ombe kwangu, mzee. Violet ni mtoto mzuri, sina kinyongo naye. Ila namtoa mimi, kwa jina langu. Kwa hiyo Paulo hajapewa kitu na kaka yake, hana cha kumlipa, na shamba halihami. Hilo ndilo neno langu."

Mzee Sosthenes alimtazama Shadrack kwa muda, kisha akamtazama mshenga.

"Mshenga, rudia. Huyu mwekundu ametolewa na nani?"

Gwakisa alilamba midomo. "Ametolewa na mama."

"Tumempokea. Na hayo ya shamba, kama yaliandikwa kwa ajili ya huyo ng'ombe, sisi tuliokaa humu ni mashahidi kwamba hayana mguu wa kusimamia. Mwenyekiti wenu akitaka, aniite."

Mama yake Violet akaja na bakuli la mafuta. Ng'washi alivua wigi mwenyewe, akaliweka magotini. Mama Violet alikiona kichwa, mikono ikakawia hewani kidogo tu. Kisha akachovya vidole akapaka, fungu kwa fungu, hadi pale pasipo na unywele hata mmoja, na hakuna mahali alipopita haraka. Kigelegele cha kwanza kilitoka safu ya nyuma, kwa Mama Edmund. Wengine wakafuata.

*

Kabla ya binti kuitwa, watu walipewa chakula. Ng'washi aliomba kukaa chumba cha nyuma, kwenye mkeka, akatandikiwa. Shadrack hakumfuata. Alisikika uani akizungumza na simu, akicheka na mtu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Paulo ndiye aliyekuja. Alisimama mlangoni.

"Mama, ungeniambia kwanza."

"Nikuambie nini?"

"Kwamba utasema vile. Umemvua nguo kaka mbele ya wakwe."

Ng'washi alimtazama. Alitegemea kuona mtu aliyeamshwa usingizini, mtu wa kusema asante au kulia. Aliona mtu aliyekasirika kidogo na kuogopa zaidi.

"Ile picha ilipita kwako," alisema. "Ulimtambua yule ng'ombe?"

Paulo alitazama viatu vyake.

"Siku alipochanwa na waya, wewe ndiye uliyemshika kichwa, mimi nikampaka dawa. Ulimtambua, Paulo?"

"Kaka alisema akibaki kwako atakufa tu, huna mtu wa kumchunga. Na shamba alisema utahamia kwake, utakula kwake. Nilijua utaelewa baadaye."

"Ukakubali."

"Nilitaka kuoa, mama." Alilisema bila ubishi, kama mtu anayesema alikuwa na njaa. Kisha, akidhani anapunguza jambo, akaongeza, "Za kichwani nilimwambia akununulie nzuri. Hilo nilimwambia kabisa."

Ng'washi aliliangalia lile wigi kando ya mkeka. Jambo la Shadrack alikuwa ameshalibeba, tangu pale kitini alikuwa ameanza kuuzoea uzito wake. Hili la Paulo hakuwa na mahali pa kuliweka. Alikuwa amesimama mbele ya ukoo wa watu, na kichwa chake kikaonekana na wote, kwa ajili ya mtoto ambaye hakuhitaji kuokolewa kwa sababu alikuwemo.

"Nenda ukale," alisema. "Watu wanakungoja."

Paulo akaenda. Alionekana amepata nafuu.

Baada yake aliingia Violet na sahani ya wali na nyama, jagi na beseni. Alikuwa binti mwembamba mwenye mikono migumu, kwani alifanya kazi kwenye kitalu cha miche ya misonobari. Alipiga magoti, akajaribu maji kwa kiwiko chake kwanza, akayaona yanafaa, akaanza kumnawisha mama mkwe. Hakutazama kichwa wala hakujitahidi kutokitazama.

"Mama," alisema, macho kwenye beseni. "Nilikuwa nimesimama jikoni, nimesikia yote. Ninaomba kukuuliza kitu kimoja."

"Uliza, mwanangu."

"Paulo alijua?"

Maji yaliendelea kushuka. Ng'washi alijua kwamba angeweza kusema hapana. Lilikuwa neno jepesi, na baada yake pangekuwa na harusi, na wajukuu, na nyumba Iyunga ambayo angekaribishwa. Alimzaa Paulo. Alimnyonyesha akiwa anapalilia. Na huyu hapa alikuwa mtoto wa watu wengine, aliyejaribu maji kwa kiwiko ili yasimuunguze.

"Alijua," alisema.

Violet hakushtuka. Aliendelea kumimina mpaka jagi likaisha, akamfuta mama mkwe mikono kwa taulo, kidole kwa kidole, kisha akasogeza sahani karibu naye.

Sebuleni walikuwa wameanza kumwita kwa wimbo na makofi, aje amwonyeshe mume wake kati ya watu wote. Waliita jina lake. Wakaita tena, kwa sauti zaidi, na mtu akacheka akisema binti anajivuta makusudi ili abembelezwe. Violet alikaa kwenye mkeka kando ya Ng'washi, akaliweka jagi tupu magotini, na hakuitika.